Papa Nyundo Wako Mita Thelathini, na Mimi Nimebaki na Sikio Moja

Shangazi mshauri, shikamoo. Kabla hujanicheka naomba unisome mpaka mwisho, maana shida yangu ukiisikia juu juu utasema hawa watu wamekosa kazi ya kufanya.

Mimi ni fundi wa lifti, nina miaka hamsini na miwili, mke wangu ni mwalimu wa hesabu, na binti yetu wa pekee ameshaolewa. Miaka kumi na miwili iliyopita tulijiunga na klabu ya kupiga mbizi pale bwawani karibu na shule anayofundisha mke wangu, ile mbizi ya kubeba mtungi wa hewa mgongoni, tukaipenda kupita kiasi, na tangu hapo kila likizo ndefu tunachagua mahali pa kwenda kwa kuangalia kitu kimoja tu, yaani huko anaishi papa gani. Wenzetu huangalia hoteli. Sisi tumebandika orodha ndani ya mlango wa kabati la jikoni, tumeshawaona papa wenye ncha nyeusi kwenye mapezi, tumewaona wale wanaolala mchangani mchana kutwa bila kujali nani anapita, tumemwona papa milia ambaye alinifanya nimwahidi Mungu mambo mengi ambayo bado sijayatimiza, na safari zote hizo niliyechagua ni mimi, mke wangu anasema tu "haya, Mzee, twende," anafunga begi. Yeye tangu mwanzo anamtaka mmoja, papa nyundo, na mwaka huu nilitangaza mbele ya klabu nzima kwamba sasa ni zamu yake.

Sasa, Shangazi, mwaka jana nilishuka majini nikiwa na mafua. Mafua na mbizi havikai pamoja, mimi mwenyewe ndiye huwafundisha wageni wa klabu jambo hilo, lakini ilikuwa siku ya mwisho ya safari na nikaona aibu kubaki, nikashuka, sikio la kushoto likalia pa! na dunia ikaanza kuzunguka, nikamshika mke wangu mkono nikampa ile ishara ya vidole kwamba niko sawa. Sikuwa sawa. Tuliporudi nilikwenda kwa daktari peke yangu, akaniambia sikio la ndani limeumia, halitarudi kama zamani, na nisishuke tena na mtungi kwa sababu kizunguzungu kikinipata kule chini naweza nisijue juu ni wapi. Cheti chake nimekificha kazini kwenye sanduku la spana. Mke wangu nilimwambia maji yameingia sikioni.

Papa nyundo wa huko anakotaka twende hukaa chini, mita thelathini, kwenye mkondo mkali. Basi nikaanza uongo. Nilisema maji ya huko ni baridi, akatafuta vazi zito la kuogelea. Nikasema bora twende kwa papa potwe, maana ni mkubwa kama basi lakini mpole, unaogelea naye juu juu na bomba la kupumulia mdomoni, akasema potwe tutakwenda tukizeeka. Mwisho nikasema nimesikia papa nyundo wamehama. Huyu ni mwalimu wa hesabu, Shangazi, hakubali jibu mpaka aone njia. Alimwandikia nahodha wa mashua ya huko, nahodha akamtumia picha za wiki hiyo hiyo, papa nyundo wamejaa mpaka maji huyaoni, na tulipokuwa tunakula akaiweka simu kando ya sahani yangu.

"Hawa ndio waliohama?"

Nikasema labda ni picha za zamani.

"Mzee, kama umechoka kusafiri na mimi, sema tu. Sitakufa."

Tangu siku hiyo hatujagombana, na hilo ndilo linalonitisha, tunaongea habari za gesi na bomba linalovuja, basi. Kilichobadilika ni kwamba amehama kiti chake mezani, siku hizi anakaa mkono wangu wa kulia, nadhani anafuata mwanga wa dirisha ili asahihishe madaftari.

Nyumbani sisi si wasemaji, tangu zamani, lakini chini ya maji tulikuwa tunaelewana. Kule kila mtu ana mwenzake, yeye ni wangu, anaangalia kipimo changu cha hewa na mimi naangalia chake, na sijawahi kujiona napendwa kama pale. Nikimwambia ukweli atashuka na mtu mwingine, na mimi nitabaki kwenye mashua nalinda viatu vya watu. Fomu za afya zimekuja kutoka kwa nahodha, huwa najaza zote mbili mimi, na kwenye swali la masikio nimeshatia alama ya "hapana" ila sijatuma, zinatakiwa Ijumaa. Nimewaza ninywe dawa ya kuzibua pua nishuke mara moja hii tu, apate papa wake, halafu nistaafu. Nifanyeje?

Fundi Lifti

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Sijacheka. Mimi bwawani siingii zaidi ya kiunoni, lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na pole sana. Umepoteza sikio, na pamoja na sikio umepoteza mahali ulipokuwa unaongea na mkeo, na msiba huo umeubeba mwaka mzima peke yako. Hilo linaniuma.

Sasa kaa chini nikuseme. Siku waya wa lifti umechakaa, huwa unaandika "salama" kwenye daftari la ukaguzi ili abiria wapande mara moja hii tu? Basi futa hiyo "hapana" kabla hujamaliza kusoma gazeti hili, na dawa ya pua waachie wenye mafua.

Unasema unataka apate papa wake. Haya, kizunguzungu kikikukamata mita thelathini, atakayekufuata ni nani? Ni yeye. Atawaacha papa aliowangoja miaka kumi na miwili, ataingia kwenye mkondo huo mkali, atamaliza hewa yake akikutafuta, na hatajua kimetokea nini kwa sababu kwenye fomu wewe ni mzima. Ungekuwa unacheza na maisha yako peke yako ningekugombeza nusu tu.

Na habari ya kiti. Baba, hayo madaftari alikuwa anayasahihishia wapi miaka yote hii? Ameshaona kwamba upande wa kushoto husikii. Amekuhamia upande wa kulia kimya kimya, usije ukaaibika. Sikio analijua. Asichokijua ni kwa nini unamdanganya, na hapo pengo amelijaza mwenyewe kwa jibu baya kuliko lote, kwamba umemchoka.

Kwa hiyo leo ukitoka kazini chukua hicho cheti, fika nacho nyumbani, na umpe mkononi kabla hujavua viatu, maana nakujua, ukishavua viatu utaanza kutengeneza bomba. Mweleze mafua. Mweleze ile ishara ya vidole, kwa sababu uongo wako wa kwanza ulikuwa pale, majini, mahali ambapo hamkuwahi kudanganyana, na huo ndio wa kumwomba radhi kuliko maneno ya baridi na ya papa kuhama. Usimwambie ulikuwa unamlinda. Ulikuwa unaogopa kuachwa, na hilo si dhambi, mwambie hivyo hivyo.

Fomu yake mpe ajaze mwenyewe. Mwenzake wa kushuka naye amchague yeye, wewe usipendekeze wala usinune. Potwe usimtaje mpaka yeye amtaje, na hata huko kwanza muulize daktari kama kuogelea juu juu unaruhusiwa. Wale wageni unaowafundisha nao waambie kilichokupata, watakusikia kuliko somo lolote ulilowahi kuwapa.

Anaweza kukasirika wiki nzima. Mvumilie, ana haki. Akiamua kwenda, mbebee begi mpaka mlangoni. Na akirudi, kaa kulia kwake au kushoto kwake, popote utakapomsikia vizuri, umuulize walikuwa wangapi, walipita wapi, aliogopa au hakuogopa. Mwache aeleze mpaka achoke. Kumsikiliza mkeo hakuna daktari aliyekukataza.