Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mchumba wangu leo kakata mikono miwili ya koti, yote ya kushoto! Kitambaa ni cha mteja na hakikubaki cha kurudia. Chanzo simu. Nilikuwa nyuma ya friji la bucha nalitengeneza, mikono imejaa grisi, sikupokea. Yeye akaendelea kupiga huku anakata. Bosi wake, mama asiyepandisha sauti, kamwambia achague: simu au mkasi.

Jioni nikajiandaa kulaumiwa. Wapi! Kasema, "Nimechoka kuishi ndani ya simu yako." Nilidhani aliyechoka ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Simu yake sasa inakaa kabatini kwa bosi mpaka kazi iishe. Wazo lake mwenyewe, si la bosi. Siku ya kwanza, anasema, alikuwa anaenda chooni bila haja. Ila hakuiomba. Huyu mwanamke ana moyo! Mimi kupunguza sukari kwenye chai tu kumenishinda.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepita kazini kwao, nikasimama dirishani. Alikuwa anakata. Chaki sikioni, pini midomoni. Anageuza kitambaa, anapima, anageuza tena — ndipo mkasi unaingia, taratibu. Hakuna aliyemharakisha. Sijawahi kumwona hivi. Siku zote nilizoea uso wake ukinitazama mimi, ukitafuta nimenuna au sijanuna. Huu wa leo ni mzuri zaidi. Nampenda jamani.

Hakuniona. Nikaondoka kifua mbele, utadhani mimi ndiye niliyemfundisha kazi.

Jumanne, 18 Machi

Saa saba, hakuna "umekula?" Saa tisa, kimya. Nikaangalia kama simu ina chaji. Inayo. Dada yangu kanicheka: si wewe uliyelalamika kwamba anakuganda kama ruba? Ndiyo, ni mimi.

Jioni alipiga. Kaongea kidogo, kacheka sana, kaaga. Nilikuwa bado nina maneno.

Jumapili, 23 Machi

Kaja mchana na habari. Bosi anafungua tawi mji mwingine na anamtaka awe mkataji mkuu. Miezi sita. Keshakubali! Hakuniomba ruhusa. Kanieleza vizuri tu, kanishika mkono, kasema harusi iko palepale, anataka tusubiriane.

"Mimi nitaweza," kasema. "Wewe je?"

Nikamwambia anipe dakika nifikirie. Nimeingia chumbani, ndiyo naandika. Najivunia huyu mtu mpaka machozi yananilenga. Na naogopa, acha niseme ukweli. Mwezi uliopita angekuwa keshaufuata mlango: umekasirika? bado unanipenda? Sasa namsikia sebuleni anakoroga chai yake, anaimba chinichini. Hana haraka na mimi. Nimefungua mlango kidogo — nione tu kama bado yupo.