Folda Niliyoifuta Neiafu

Neiafu, Vava'u
Alhamisi

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, na Mama pia, ila goti linamsumbua akipanda ngazi za kanisani. Wewe u hali gani huko Australia? Mgongo unaiweza kazi ya kuchuma hayo mapeasi? Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kebo ya intaneti ipitayo baharini imekatika tangu Jumamosi, na simu zetu sasa ni za kutazamia saa tu.

Pale kliniki ninapofanya kazi, muuguzi akiingia kwenye kompyuta, jina na nywila yake huthibitishwa na mashine kuu iliyoko mji mkuu, Nuku'alofa. Kebo ilipokatika, wauguzi waliendelea kuingia kama kawaida, maana kila kompyuta ina folda, /var/lib/sss/db, inayotunza nakala ya taarifa za waliokwisha kuingia.

Jumanne asubuhi folda hiyo ilikutwa tupu kwenye kompyuta zote tisa. Hakuna aliyeweza kuingia. Wauguzi hawakuweza kuona nani anadhurika na dawa gani, wagonjwa wakarudishwa nyumbani siku nzima, mpaka ulipowekwa mtambo wa setilaiti wa kutuunganisha tena na Nuku'alofa. Bi Ma'ata, msimamizi wetu, alimwuliza fundi Semisi, rafiki yako wa kwaya, kama amechoka na kazi. Semisi aliomba radhi tu. Jioni wakinywa kava, kile kinywaji chao cha mizizi, wanaume wanamtania eti asiguse daftari la ubatizo, asije akatufuta wote. Jumatatu ijayo anatakiwa akabidhi funguo.

Baba, ni mimi. Muuguzi mwenzetu Lupe ameolewa, na kompyuta ilikuwa bado inamwita kwa jina la babake. Kila siku alikuwa akiniandama: Kalo, mume wangu atadhani bado natafuta mchumba! Mafunzoni nilifundishwa kwamba jina likichakaa, unafuta yaliyomo kwenye folda ile, nayo hujijaza upya kutoka mashine kuu. Jumatatu jioni nikafuta, tena kwenye kompyuta zote, nikajiona hodari. Sikukumbuka kwamba hakuna kebo ya kuijaza. Nywila ya fundi, ambayo bila hiyo huwezi kufuta, nilipewa na Semisi mwenyewe, kinyume cha kanuni. Ananifichia siri, nami nimemwacha siku tatu achekwe. Naona aibu kubwa.

Sitangoja Jumatatu. Barua hii sijaifunga. Kesho asubuhi nitampa Bi Ma'ata aisome, mimi na Semisi tukiwa mbele yake, ndipo iende uwanja wa ndege. Wakinifukuza, nitapanda viazi vikuu na Mama.

Wasalimie wenzako wote wa shambani. Barua hii ikikufikia, ujue imeshasomwa.

Binti yako,
Kalolaine