Karatasi Zilizogeuka Bluu Kabazi

Jumatatu, 5 Mei

Karatasi arobaini zimekauka. Nimezikata upana wa kidole. Chini ni unga mweupe wa mawe yanayochimbwa Kariandusi, juu yake chembe za dhahabu, ndogo mno, hata hadubini ya kawaida haizioni. Chembe zikikaa mbali mbali, karatasi ni nyekundu kama bitiruti. Maji yakiwa na dawa ya wadudu au ya kupe, zinashikana, mwanga unabadilika, karatasi inakuwa bluu. Dakika tano tu. Miaka mitatu ya masomo yangu imo ndani ya dakika hizo.

Daktari Koech, msimamizi wangu chuoni, bado ana shaka. Anasema hata chumvi huzishikanisha. Kweli. Mwaka jana maji ya chumvi ya Ziwa Elmenteita yalinigeuzia kila kitu bluu, nikalia chooni. Sasa kila chembe ina ganda jembamba. Leo nimezitia katika maji ya chumvi ya ng'ombe. Nyekundu. Nimerudia mara sita. Nyekundu.

Ziko tayari. Mimi pia.

Jumatano, 7 Mei

Mama amepiga simu kutoka nyumbani Kabazi. Ndama wawili wa jirani yetu, Mama Njoki, wamekufa. Povu mdomoni, miguu ikitetemeka. Wote walikunywa maji ya kijito cha chini ya boma letu. Watu wanasema ni dawa za shamba la maua lililo juu ya kijito. Jumamosi wataandamana hadi getini. Wengine wanataka kuchoma.

Nimefunga karatasi ishirini kwenye mkebe. Kesho naenda.

Alhamisi, 8 Mei

Matope kila mahali. Mvua haijapumzika tangu juzi.

Nimeanza pale ndama walipokunywa. Bluu, hata dakika mbili hazijaisha. Nilifurahi kwamba karatasi inafanya kazi. Halafu nikaona aibu, maana Mama Njoki alikuwa amesimama kando yangu.

"Hiyo rangi ndiyo iliua wangu?"

Nikamwambia inaonyesha sumu iko. Imetoka wapi, bado sijui.

"Sisi tunajua, Wairimu. Wewe andika tu maua."

Sikuandika. Nimezunguka boma kwa boma kuwaambia wasichote hapo wala wasinyweshe mifugo. Kisima cha kanisa nimekipima: nyekundu. Angalau hilo.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepanda na kijito, karatasi baada ya karatasi. Bluu. Bluu. Nikafika pale mfereji wa shamba la maua unapoingia, nikapima mfereji wenyewe. Nyekundu. Nikarudia. Nyekundu. Mlinzi akanifokea kutoka juu, "Mathe, unatafuta nini hapo?" Nina miaka ishirini na tisa, naye ananiita mama. Mathe!

Juu ya mfereji, bluu bado. Kwa hiyo si wao. Nikaendelea. Bluu ikazidi kukolea mpaka kwenye josho la zamani, lile la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Hatua thelathini juu ya josho: nyekundu safi.

Nilikaa kwenye ukuta wa josho muda mrefu. Lilifungwa nikiwa darasa la kwanza. Msimamizi wake alikuwa Baba.

Sina shaka na karatasi. Leo ningependa kuwa nayo.

Jioni nimemweleza Baba. Alikuwa anakatia ng'ombe majani ya nepia. Aliweka panga chini polepole.

"Mikebe kumi na moja ya dawa," alisema. "Walipofunga waliniambia watakuja kuichukua. Hawakuja. Nikaifukia, nyinyi watoto msije mkaichezea."

Alikuwa akitulinda. Kuandika hivi kunauma.

Jumamosi, 10 Mei

Watu wapatao themanini barabarani, matawi mikononi. Chifu nilikuwa nimempigia asubuhi, akanipa nafasi niongee.

Nilitia karatasi mbili majini mbele yao. Gilasi moja maji ya mfereji wa maua, nyingine maji ya chini ya josho. Tukangoja. Moja ikabaki nyekundu. Nyingine ikawa bluu.

Mmoja nyuma akapaza sauti, "Huyu wamemnunua!"

Kabla sijajibu, Baba alipita mbele yangu. Akavua kofia.

"Dawa iko kwa josho. Ni mimi niliifukia. Msichana wangu hajanunuliwa."

Mama Njoki alimtazama tu. Sijawahi kumwona Baba akiwa mdogo hivyo. Niliwachukia wote waliokuwa pale, mimi wa kwanza.

Hakuna aliyekwenda getini. Matawi yalibaki barabarani.

Alhamisi, 22 Mei

Majibu ya maji niliyopeleka maabara ya Nairobi yamefika. Dawa ya kupe, ya aina ya zamani. Sampuli zote sita zimekubaliana na karatasi zangu. Zote. Daktari Koech amesoma mara mbili, akasema, "Sawa. Andika ripoti." Kwake hiyo ni sherehe.

Mikebe ilifukuliwa juzi na watu wenye ovaroli nyeupe na barakoa. Minne ilikuwa imeliwa na kutu hadi matundu. Baba alitaka kusaidia kuchimba, wakamkataza. Alisimama nyuma ya utepe mpaka wakamaliza, mvua ikimnyeshea.

Amempelekea Mama Njoki mtamba wetu mweusi. Akarudishiwa. Akampeleka tena. Mara hii hakurudishwa.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya kanisa nimeshuka kijitoni na Baba. Mvua imepungua. Pale ndama walipokunywa, karatasi ni zambarau sasa. Si bluu, wala haijawa nyekundu. Itachukua miezi. Nimeiandika hivyo hivyo kwenye ripoti.

Baba akaomba ya pili, aitie mwenyewe. Aliishika kwa vidole viwili. Akahesabu dakika kwa saa yake ya mkononi.

Ng'ambo ya maji Mama Njoki alikuwa akitembea kati ya viazi vyake. Akasimama.

"Inasema nini, Baba Wairimu?"

Baba akaiinua aione.

"Bado."

"Haya," akasema, akaendelea na viazi vyake.