Damu Uliyotuficha, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, hapo ulipolala Nduguti.

Wiki mbili zilizopita niliona damu kwenye mkojo. Nikajidanganya kuwa ni hedhi, ilhali ilishakoma tangu mwaka juzi. Ndipo nikakukumbuka.

Ulikuwa ukinunua dawa za kichocho duka la dawa, ukijipa moyo kuwa ni maji ya majaruba ya mpunga tu. Mimi ndiye niliyekukuta nyuma ya zizi, umeshika mti kwa maumivu, na chini pamelowa damu. Uliona aibu mbele ya binti yako. Ukaniambia taratibu, "Mama yako asijue."

Nikanyamaza, Baba, msimu mzima wa alizeti.

Tulipofika hospitali ulinyweshwa maji, ukaambiwa ubane mkojo mpaka kibofu kijae ndipo upigwe ultrasaundi. Ulinitania kuwa umerudi utotoni. Daktari alipitisha kile kifaa tumboni, akarudia palepale. Kulikuwa na uvimbe. Kipimo cha CT tulichofuata Dodoma kikaonyesha uvimbe umeshatoka nje ya kibofu. Tukiwa mlangoni ukaniuliza, "Tungewahi, ingekuwaje?"

Safari hii nilimwambia mama siku ileile. Nikamwambia pia kwamba ile damu yako niliijua. Aliacha kupepeta uwele, akakaa chini. Nilingoja anigombeze. Akasema, "Ningemsindikiza." Kisha akaingia ndani kuchukua kanga, tukaondoka.

Ultrasaundi yangu ilionyesha kinyama kidogo kwenye ukuta wa kibofu. Juzi nimepigwa CT. Ile dawa waliyonichoma mshipani ilinipita mwilini kama maji ya moto. Leo daktari ametuita. Anasema hakuna dalili kwamba kimetoka nje ya kibofu, lakini picha pekee haitoshi kusema ni saratani au siyo. Jumatatu watakiondoa, wakipime.

Mama ameshukuru Mungu. Mimi nimeshukuru pia. Lakini kila nikienda chooni natazama, halafu naogopa nilichokitazama.

Wewe uliogopa peke yako, Baba, nami nikakuacha. Nisamehe. Jumatatu sitajikaza mbele ya watu. Nimemwomba mama anishike mkono mpaka mlango wa upasuaji, na nimemwambia wazi kwamba naogopa.

Pumzika, Baba.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.