Kisanduku cha Fyuzi cha Kaka Muhidini

Ilomba, Mbeya
11 Juni 1956

Kwa Kaka Muhidini,

Shikamoo. Leo nakuandikia yote, hata yale Mama aliyonikataza. Sisi tu wazima, baridi imeanza, na mimi nimekuwa wa pili darasani.

Lile gari ulilounda gereji kwa Bwana Halfani taa na honi zake hazifanyi kazi. Tangu akufukuze, anawaambia watu kwamba alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Sasa ameinamia injini siku mbili na kisanduku cha fyuzi hakioni. Hajui kwamba ulikificha nyuma ya kile kibati ulichokipaka rangi ileile ya gari, kisichoonyesha hata skrubu moja. Mimi najua, kwa sababu nilikushikia tochi.

Jana alikuja nyumbani. "Binti, kaka yako aliweka wapi fyuzi? Mwenye gari anakuja Jumamosi."

Nikamjibu kwa adabu, "Mzee, si ulilitengeneza mwenyewe?"

Akaondoka bila kuaga. Mama alinigombeza, akasema nimwonee huruma mtu mzima. Sikumwonea. Nilimenya viazi huku nikiimba, Mungu anisamehe.

Nataka akiri mbele ya mwenye gari na mafundi wote kwamba kazi ile ni yako. Nijibu kwa basi lilelile linalokuletea barua hii huko Iringa: akikiri, nimwonyeshe kisanduku, au nimwache aaibike mpaka urudi ukifungue wewe mwenyewe?

Mdogo wako,
Mwantumu