Miguu Yako na Lile Jiwe

Mama yangu,

Jana nilicheka peke yangu kazini hapa Migori, mbele ya wagonjwa, mpaka nikaona haya. Nilikuwa nimeisikia sauti yako ya kule Oyugis: "Atieno, unaniosha ama unanitoa magamba kama samaki wa ngege?"

Unaikumbuka Ijumaa ile? Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi nina miaka kumi na miwili. Miguu yako ilikuwa na mabaka mekundu yenye magamba meupe, na wenye midomo yao walishaamua kwamba ni chira, laana ya aliyevunja mwiko. Kanisani kwetu Waadventista tulitawadhana miguu wawili wawili kabla ya Meza ya Bwana, kila robo ya mwaka. Robo mbili mfululizo wanawake walichaguana, wewe ukabaki na beseni lako, ukisema kiuno kinakusumbua. Nilijua si kiuno. Iliniuma sana.

Basi Ijumaa hiyo nikachukua jiwe la kusugulia nyayo, nikasema nitakutakatisha. Ulinicheka, lakini ukaniachia. Nilisugua mpaka magamba yakatoka na damu ikachungulia, nami nikajiona fundi. Wiki mbili baadaye mabaka mapya yaliota, yakifuata mistari ya jiwe langu kabisa. Meza ya Bwana iliyofuata hukuenda. Nililia nyuma ya jikoni ili usinione.

Daktari wa Homa Bay aliitazama ile mistari.

"Nani alikusugua hivi?"

"Ni mimi mwenyewe, daktari," ukajibu bila kupepesa macho.

Wewe, uliyenichapa kwa uongo wa kipande cha sukari nguru! Alikupa mafuta ya kupaka, akasema ugonjwa wenyewe hauambukizi, ila ngozi isikwaruzwe. Njiani hukunilaumu hata kidogo. Ulininunulia ndizi.

Nilipoingia chuo cha uuguzi ndipo nikaelewa nilichokufanyia. Ngozi ikichanika, seli zilizoumia hutoa kemikali za kuziita nyingine. Seli za kinga huja na damu kulinda mahali pale, na seli za ngozi zilizo jirani hujigawa ili kuziba pengo. Ni kama wanawake walioitwa kukandika nyumba ya mwenzao: ukuta ukishajaa, wananawa mikono na kwenda zao. Kwako hakuna aliyewaambia kazi imekwisha. Ndiyo soriasisi hiyo, Mama. Seli za kinga na za ngozi huendelea kuitana, ngozi ikakandikwa juu ya ngozi, na jiwe langu lilikuwa limepiga mbiu mpya mahali pasipokuwa na mabaka. Hakukuwa na chira yoyote. Mwili wako ulikuwa na bidii kupita kiasi, kama wewe mwenyewe.

Lakini turudi kanisani: robo baada ya ile uliyokosa, ulikubali kwenda. Wanawake wakachaguana tena, nami niliyekuwa nimebatizwa majuzi tu nikabeba beseni nikapiga magoti mbele yako. Nilikuosha kwa kiganja. "Mos, nyathina," ulisema, polepole, mwanangu. Mama Pamela, aliyeuza dagaa wa omena karibu na meza yetu sokoni, alitutazama kwa muda. Kisha akakunja mikono ya gauni.

"Atieno, toka hapo. Wewe utaolewa uende zako, mimi ndio nitabaki na yeye."

Akauosha mguu wa pili. Kuanzia siku ile mpaka tulipokuzika, hukukosa mwenzako tena. Mabaka yalikwenda na kurudi, lakini ulianza kuvaa ndara sokoni bila kuficha kitu, na mimi nilifurahi kila nilipoiona miguu yako.

Sasa nikuambie kilichonichekesha jana. Alikuja mama mmoja kutoka Masara, ana soriasisi kama yako, na mgongo wake wote una mistari mibichi ya kusuguliwa. Binti yake alisimama kando akitazama sakafu. Nikauliza kama yule daktari: nani alikusugua?

"Ni mimi mwenyewe, sista," akajibu upesi.

Mgongoni, Mama! Katikati kabisa, pale ambapo mkono wa mtu haufiki.

Nikamwita yule msichana karibu, nikamweleza habari za ukuta na wakandikaji, nikamwonyesha jinsi ya kupaka mafuta kwa kiganja. Mos, nikamwambia. Halafu nikachukua kalamu na kuandika kwenye kadi: amejisugua mwenyewe.

Lala salama, Mama.

Ni mimi mwanao, uliyemfichia kosa lake,
Atieno