Mpaka Umande Ukauke

Jumatatu, 8 Julai

Mazoezi saa moja na nusu. Baridi ya kukata masikio. Umande mzito, viatu vya vijana vimelowa kana kwamba wamevuka mto. Tumekimbia, tumepiga kona, tumemaliza saa nne jua lilipoanza kushika. Kisha kila mtu akavaa ovaroli yake, akaenda kazini. Ngano imeiva, lakini kombaini, mashine za kuvunia, haziingii shambani mpaka masuke yakauke. Zikishaingia hazitoki mpaka giza. Kwa hiyo mpira wetu ni wa asubuhi tu, wakati umande bado uko.

Mimi nikarudi stoo ya vipuri. Mchana ni mtunza stoo. Asubuhi ni Meneja Mkuu wa timu ya Kombaini ya Basotu, na hicho ndicho cheo ninachokipenda.

Jana tulishinda nusu fainali ya mkoa. Nilituma matokeo mjini kwa simu ya upepo, nikatamka jina la timu polepole kama ninayemfundisha mtoto. Jioni redio ikasema "timu ya mashambani". Timu ya mashambani! Kunguru nao wana timu mashambani. Nimekasirika mpaka chai imepoa.

Habari njema moja. Mwandishi wa gazeti anakuja Alhamisi. Hajawahi kufika mwandishi huku kwa ajili yetu. Nimepiga viatu rangi tayari.

Alhamisi, 11 Julai

Amefika. Anaitwa Ndugu Zuberi. Kijana mwembamba, koti jembamba zaidi, anatetemeka. Alipanda Landrova ya shamba kutoka Katesh alfajiri. Akanipa shikamoo vizuri, nikampenda hapo hapo.

Niliwavalisha vijana jezi mpya, zile za fainali. Paulo Gwandu alikuja na ovaroli yenye oili. Gwandu ni nahodha wetu na mfungaji wetu, na ni dereva wa kombaini. Nikamwambia akaifiche nyuma ya goli. Leo ni siku ya gazeti. Alinitazama kidogo, akaenda kuificha.

Mazoezi yalikuwa mazuri kuliko mechi. Zuberi akauliza, "Mnafanya mazoezi wakati gani, mzee?"

Nikamjibu, "Kila asubuhi, kijana, saa za kazi hizi hizi. Huku mpira kwanza."

Nilijisikia vizuri sana niliposema hivyo. Nilisimama kama waziri.

Akataka kwenda kuona shamba. Nikamwambia shambani hakuna cha kuona ila vumbi. Mazoezi hayajaisha nikampeleka ziwani hapa karibu, tukala perege wa kukaanga, nikamweleza historia yote ya timu, na yangu pia. Akaandika sana. Saa nne na nusu akaondoka na Landrova ile ile.

Nimemwambia mke wangu Regina anunue gazeti likifika Katesh. Akasema kwani wewe huendi Katesh? Kweli. Nitanunua mwenyewe. Nitanunua matatu.

Jumanne, 16 Julai

Gazeti limekuja na lori la mafuta. Sikulazimika kulinunua, nililetewa na watu watano.

MAMLUKI WA BASOTU. Ndicho kichwa cha habari. Kwamba shamba limewaandika kazi wachezaji wa kukodi. Kwamba wanacheza mpira saa za kazi huku wenzao wakivuna chakula cha taifa. Kwamba mwandishi alikaa asubuhi nzima asimwone hata mmoja wao akishika kazi. Na chini, kwa herufi nzito: Meneja Mkuu asema, huku mpira kwanza.

Uongo!

Nimesoma tena. Hayo maneno niliyasema. Nimeyasema kwa kinywa changu, tena nimenyoosha shingo.

Lakini ni mwandishi gani anaondoka shambani kabla ya saa tano? Asubuhi nzima hakumwona mtu akivuna, kwani alimwona nani? Hakuna aliyekuwa akivuna! Ngano yote ya Hanang ilikuwa imelowa. Kijana mjinga kabisa. Na perege wangu amekula.

Jumatano, 17 Julai

Meneja wa shamba ameniita ofisini. Sikukaribishwa kiti. Akaniuliza, "Mpira kwanza? Ngano yangu ni ya ngapi?"

Yeye anajua fika vijana wanafanya kazi. Lakini wakubwa wake mjini hawajui, na wao wanasoma gazeti. Ameniambia nisafishe habari hii, la sivyo anaivunja timu. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo, tena kwa kelele zaidi.

Mchana simu ya upepo imeleta jingine. Chama cha mpira cha mkoa kinatuita Jumamosi ya tarehe 27, siku moja kabla ya fainali. Tukionekana mamluki tunaondolewa, na nafasi yetu wanapewa tuliowafunga. Tumetoka mbali kufika fainali. Tumecheza kwenye viwanja vyenye mawe, tumelala juu ya magunia. Leo nafasi yetu iko mikononi mwa sentensi yangu mwenyewe.

Gwandu hajanisalimia. Ni mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Alhamisi, 18 Julai

Kila mtu ni mshauri. Kocha anataka tumkatae mwandishi, tuseme hakuwahi kufika. Karani wa mshahara anasema apelekewe gunia la unga na maneno matamu. Mwingine anasema tupige marufuku, gazeti lisikanyage Basotu tena. Kama vile magazeti yamepanga foleni kuja.

Mimi niliandika barua kali. Nikaisoma kwa sauti pale stoo. Ilikuwa nzuri, ilikuwa na matusi ya heshima. Nikaichana. Barua kali ingechapwa, na chini yake wangeweka kwa herufi nzito jambo jingine la kunipoteza.

Gwandu amekuja mwenyewe stoo kuchukua mkanda wa kombaini. Akasema bila kuniangalia, "Mama ameulizwa mnadani Endasak. Eti mwanao analipwa kwa kucheza? Yule mama amenisomesha kwa maharage, mzee. Itazame mikono yangu hii." Akachukua mkanda, akasaini, akatoka.

Nimeumia. Afadhali angenitukana.

Jioni nimelalamika kwa Regina habari za yule kijana wa gazeti. Alikuwa anachambua mboga. Akasema, "Baba Joseli, ulimwonyesha jezi. Kombaini hukumwonyesha."

Akaendelea na mboga zake. Nimekosa usingizi.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekwenda posta Katesh kupiga simu mjini. Foleni. Kwenye benchi kila mtu amesoma gazeti. Mwenye duka la vitambaa, mzee Salimu, akanicheka wazi, "Meneja, mpira kwanza, simu ya pili!" Nikacheka naye. Ningefanya nini.

Nimempata Zuberi. Sauti ilikuwa inakwenda na kurudi. Alidhani nimepiga kutukana, alianza kujitetea kabla sijaitikia shikamoo yake. Nikamwambia sidai uniombe radhi. Sina bahasha, sina gunia. Njoo tena. Safari hii ukae mpaka jioni, na uje na kamera.

Akauliza kuna nini jioni.

Nikasema, "Njoo uone mwenyewe. Nikikueleza utaniandika tena."

Kwa mara ya kwanza nimezungumza na mwandishi bila kujaribu kuonekana mtu mkubwa. Simu imekatika kabla hajasema ndiyo.

Jumanne, 23 Julai

Amekuja! Safari hii na sweta.

Hakuna jezi mpya. Niliwaambia vijana waje kama wanavyokuja siku zote. Wakaja na ovaroli, wakazitundika kwenye mlingoti wa goli, kama kawaida yao. Gwandu ya kwake akaitundika katikati, mbele kabisa ya kamera. Nikaiacha hapo hapo.

Kabla ya mazoezi nikampitisha Zuberi katikati ya ngano. Hakuelewa kwa nini. Alipotoka suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini na viatu vinalia. Nikamwambia kombaini ikiingia sasa hivi, inakwama. Ngano ikikatwa hivi inaoza ghalani. Alijipapasa magoti, akatazama kiwanja, akatazama zile ovaroli. Niliona kabisa pale jambo lilipomwingia. Akasema, "Loo." Basi.

Saa tano kasoro Gwandu akaingia shambani, akapukusa suke kiganjani, akapuliza makapi, akatafuna punje. Ikalia menoni, imekauka. Akapanda mashine yake. Kombaini zikawaka moja baada ya nyingine na ardhi ikatetemeka. Mimi nimeuona mwaka hadi mwaka mwanzo huu wa kazi na bado kifua kinajaa. Golikipa wangu anaendesha trekta la kuvuta tela. Mabeki wawili wako kwenye magunia. Winga ni fundi. Timu nzima iko pale, katika vumbi, na hakuna filimbi.

Zuberi alipanda na Gwandu. Wamekwenda mpaka upeo wa macho, wamerudi, wamekwenda tena. Wafugaji walipita na ng'ombe kwa mbali, wakizunguka shamba lote, maana njia yao ya zamani imelimwa. Zuberi akawapiga picha pia.

Jua lilipozama akashuka akiwa mweupe kwa makapi, anapiga chafya. Akaniuliza, "Mzee wangu, kwa nini hukuniambia haya siku ile?"

Nikamwambia kweli. Nilidhani gazeti linataka wachezaji, halitaki madereva. Niliona aibu kidogo, kumbe nilikuwa naonea aibu kitu kizuri kuliko vyote nilivyo navyo.

Hakuyaandika hayo. Alikuwa amefunga daftari.

Ijumaa, 26 Julai

Gazeti limefika. Hakuna kitu. Nimelipekua mpaka kwenye matangazo ya vifo. Ngumi za kulipwa zimechukua ukurasa wote wa michezo.

Kesho ndiyo shauri. Tumepanda lori la ngano, timu nzima juu ya magunia. Vijana wanaimba. Mimi naona giza, ingawa ni mchana. Naandika haya hapa Katesh, lori linajazwa maji.

Sijui kama kijana amenigeuka au mhariri wake hataki habari ya watu wanaofanya kazi yao.

Jumamosi, 27 Julai

Niandike haraka kabla sijaanza kuongeza chumvi.

Chumba kimejaa. Wajumbe wa chama mezani, waandishi ukutani. Zuberi alikuwa ukutani, macho chini. Mwenyekiti akasoma lile gazeti la kwanza. Akaniuliza kama nilisema maneno yale. Nikasema ndiyo, nilisema, na nilikuwa najisifu. Watu wakacheka. Nikawaacha wacheke. Nikaeleza habari ya umande. Mjumbe mmoja akauliza umande unahusiana nini na mpira wa miguu. Wakacheka zaidi. Nikaona tumekwisha.

Hapo Zuberi akatoka ukutani. Mwandishi hasemi kwenye vikao, anaandika tu. Mwenyekiti akamwambia akae. Hakukaa. Akaweka picha mezani, moja moja. Suruali yake imelowa. Ovaroli kwenye goli. Gwandu juu ya kombaini, meno tu ndiyo meupe. Golikipa kwenye trekta.

Akasema, "Habari ile niliandika mimi. Niliondoka kabla umande haujakauka. Nilirudi, nikaona, nikaandika tena, mhariri akaiweka kando. Kwa hiyo naisema hapa kwa mdomo. Hawa si mamluki. Nimepanda nao kombaini."

Waandishi wenzake wakaanza kuandika. Yeye ndiye amekuwa habari.

Mwenyekiti akashika picha ya Gwandu muda mrefu. Akauliza, "Huyu ndiye namba tisa?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mtacheza kesho."

Nje nilimshika Zuberi mkono, sikuweza kumwachia. Anaweza kufukuzwa kazi yule kijana. Anajua. Nami najua.

Jumapili, 28 Julai

Tumefungwa. Mbili kwa moja. Bao letu Gwandu kwa kichwa. Mwamuzi simsemi.

Sina huzuni kubwa. Nimejaribu kuitafuta, haipo. Vijana walikimbia mpaka filimbi ya mwisho kama watu waliozoea kusimama mpaka giza. Uwanja wa mjini uliwapigia makofi wakitoka. Nililia kidogo nyuma ya lori.

Waandishi wakanizunguka, zamani ningekufa kwa furaha. Wakaomba niseme neno. Nikasema, "Kesho tunavuna. Mkitaka kuiona timu yangu njooni Basotu. Ila msiondoke mapema." Nikapanda lori.

Jioni redio ikasoma matokeo. Kombaini ya Basotu. Jina lote. Vijana walipiga kelele mpaka dereva akasimamisha gari.

Jumatano, 31 Julai

Gazeti limekuja na lori la mafuta. Picha ya Gwandu juu ya kombaini, ukurasa wa michezo. Chini yake: Namba tisa wa Kombaini ya Basotu akiwa kazini. Jina la Zuberi lipo, kwa herufi ndogo. Bado wanaye.

Langu halipo. Nimetafuta mara moja tu.

Gwandu amechukua nakala mbili. Moja ya kubandika kwenye kombaini, moja ya mama yake Endasak. Alipotoka akaniambia, "Shikamoo, Meneja." Nikaitika marahaba, nikageukia rafu za vipuri ili asinione uso.

Asubuhi hii umande ulikuwa mzito. Tulicheza mpaka ukakauka, kisha vijana wakachukua ovaroli zao kwenye goli, wakaenda kazini. Hakuna mtu aliyekuja kututazama.